Wageni wa Adamu

Kwa miaka mingi Brigita aliamini kuwa Wazungu wanaopita Rhotia kwenda Ngorongoro wanakwenda kuhiji.

Hakuna aliyemdanganya. Aliliokota jambo hilo barabarani tu, kama watu wengine wanavyookota habari. Kila asubuhi magari yenye paa la kufunguka yalipita yamejaa watu wenye kofia na darubini, na dereva akisimama kununua ndizi ukamuuliza anawapeleka wapi, jibu lilikuwa lile lile: "Nawapeleka kreta, halafu bondeni Oldupai, wakaone alikotokea binadamu wa kwanza." Sasa mtu aliyeishia darasa la nne, kisha akasoma Biblia mpaka jalada likabanduka, ukimwambia binadamu wa kwanza atamwelewa nani? Brigita alimwelewa Adamu. Akaona ni jambo la heshima sana, watu kuacha kwao na kupanda ndege ili tu wakasimame pale Adamu alipovuta pumzi yake ya kwanza. Na pahali penyewe pako nyuma ya msitu huu huu anaouona akiwa anaanika mahindi.

Hata watoto wa Shule ya Jumapili aliwafundisha hivyo. "Adamu si mtu wa mbali," aliwaambia. "Ni jirani. Ukipanda msitu ukashuka upande wa pili, ndiko kwake." Watoto walilipokea kwa furaha, wakaanza kubishana kama Adamu alikuwa Mwiraqw au Mmasai, mpaka siku moja wawili wakashikana mashati nje ya kanisa. Ikabidi awaambie kwamba Adamu alilima na kufuga, vyote viwili, kwa hiyo wakae chini.

Ndiyo maana mjukuu wake Modest alipomjia na habari za kampuni, hakumpa kazi ya kumbembeleza. Modest alikuwa mtoto wa binti yake aliyefariki. Brigita ndiye aliyemlea. Kijana alikuwa amemaliza kozi ya kuongoza watalii, akapata kibarua kwenye kampuni moja ndogo mjini Karatu, kibarua cha kuitwa wageni wakiwepo na kusahauliwa wasipokuwepo. Bosi wake alikuwa anatafuta nyumba ya kijijini ambako wageni wakitoka bondeni wale chakula cha mchana na kusikia habari za wazee.

"Wanatoka kwa Adamu na njaa?" Brigita aliuliza.

"Wanatoka bondeni, Bibi."

"Basi waje. Makande yapo."

Wakaja. Aliwaketisha uani, mbele ya nyumba ya udongo aliyokuwa akiikandika upya kila mwisho wa masika, na yeye akaketi kwenye kigoda na beseni la udongo mwekundu uliolowekwa. Hakuwasimulia juujuu. Aliwasimulia kwa mtindo wa slufay, ile baraka ndefu ya Kiiraqw ambayo msemaji anatoa neno moja, waliokaa wanaitikia, ndipo anatoa jingine. Zamani ilikuwa ya wazee wa kiume, wakimwomba Looaa, kama walivyomwita Mungu kabla makanisa hayajaja. Brigita aliichukua kwa ajili ya watoto wa Jumapili na hakuna mzee aliyemzuia, labda kwa kuwa wengi wao walimwogopa kidogo. Sheria ya slufay ni hiyo moja: neno lisiloitikiwa halijasemwa. Msemaji hawezi kulipita.

Basi huku anafinyanga, anasema. "Palikuwa na giza, na Mungu alikuwa haogopi giza." Modest, amesimama pembeni, anatafsiri. Wageni wanaitikia "ee" kama walivyofundishwa, wanacheka wenyewe. "Akasema mwanga, mwanga ukaja, haukuuliza mara mbili." Ee. Mpaka anafika kwenye udongo, na mkononi mwake tayari kuna kichwa na mabega. "Vingine vyote aliviita kwa mdomo. Huyu hakumwita. Huyu aliinama chini akamshika kwa mikono." Ee. Mwishoni anampulizia mtu wake wa udongo usoni, na wageni wanapiga makofi, wanawake wengine wanajifuta macho. Brigita alikuwa anaingia jikoni kupakua akiwa na moyo mweupe. Aliwaambia majirani kwamba Wazungu wanasemwa vibaya tu. Wale wanaofika kwake ni watu wa imani.

Hali ilikuwa hiyo mpaka siku alipokuja Beatrice.

Beatrice alikuwa mwalimu wa Arusha, ameolewa na Mjerumani, na siku hiyo alikuwa amewaleta wakwe zake kutembea. Wakati wa makofi yeye hakupiga. Brigita alipoingia jikoni, akamfuata, akaanza kupanga sahani kama mtu wa nyumbani.

"Bibi, naomba nikuulize bila kukukosea adabu."

"Uliza, mwanangu."

"Wewe ukisema pale Mungu akamshika kwa mikono, na huyu kijana akisema wazee wenu wanakumbuka mlivyopanda kutoka bondeni na manyoya mgongoni, huwa mmepatana?"

Brigita alikuwa ameshika upawa. Aliushusha taratibu ndani ya chungu.

"Manyoya ya nani?"

"Yenu, Bibi. Ya ukoo wenu." Beatrice alikuwa anacheka, alipomtazama usoni akaacha. "Na ulipompulizia yule mtu wa udongo, alisema hiyo ni ishara ya nyani aliyesimama kwa miguu miwili. Nilidhani mmekubaliana. Samahani, Bibi. Nimeharibu?"

"Hujaharibu wewe," Brigita alisema. "Nipe sahani hiyo."

Akapakua. Aliwapelekea wageni chakula, akawanawisha mikono, akawauliza kupitia kwa Modest kama kinatosha, akawaaga mmoja mmoja mpaka gari likapotea kwenye vumbi. Hakuwa mtu wa kurusha maneno wageni wakiwa wanatafuna. Modest aliporudi kuchukua beseni, alimkuta bibi yake amekikalia kigoda pale pale.

"Modest. Mimi nina manyoya?"

Kijana alisimama. Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda.

"Bibi, nisikilize. Mara ya kwanza nilitafsiri sawasawa kabisa. Unamkumbuka yule mzee wa ndevu? Alicheka. Mwenzake akamjibu, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe mpaka chakula kikapoa. Kurudi ofisini, bosi akaniambia wateja wanataka mila, hawataki mahubiri. Mahubiri wanayo kwao na wameyakimbia."

"Kwa hiyo ukaniotesha manyoya."

"Kidogo tu, Bibi. Kupendezesha."

"Manyoya kidogo ndiyo yapi? Ya kifuani au ya mgongoni?"

Modest aliangalia chini. Alikuwa kijana mrefu, lakini mbele ya kigoda kile alikuwa hajawahi kuwa mrefu.

"Na hawa wanaotoka kwa Adamu wanakubali kusikia hivyo?"

Hapo ndipo ilipombidi Modest aseme lililobaki, na alilisema kwa upole, kama mtu anayemwondolea mtoto mwiba. Bondeni hakuna Adamu. Hakujawahi kuwa na Adamu. Wanachokwenda kuona ni fuvu la kiumbe fulani na mawe aliyochonga, na wataalamu wanasema watu wote duniani wametokana na viumbe wa namna hiyo, polepole, kwa miaka ambayo haina hesabu ya kawaida.

Brigita alikuwa anawaona watoto wa Jumapili, wameketi kwenye mikeka, wanaelekeza vidole msituni: kule, kwa Adamu.

"Nipeleke," alisema. "Nikaone mwenyewe hicho wanachokiona."

Wiki iliyofuata gari la kampuni lilikuwa linapanda tupu kwenda kuchukua wageni upande wa pili wa kreta, na Modest, aliyepewa kuliendesha, akaomba ampakie bibi yake. Brigita alivaa kitenge cha kanisani. Walipita lango la Lodoare ukungu ukiwa umekaa barabarani kama moshi wa kuni mbichi, wakazunguka ukingo wa kreta, kisha wakaanza kushuka upande ambao yeye aliufundisha miaka yote bila kuufikia. Kijani kikaisha. Kukawa na majani makavu, vumbi, na wachungaji wa Kimasai na ng'ombe wao wakitembea mbali na kivuli chochote. Alitafuta kwa macho mahali ambapo bustani ingeweza kuwa. Hakupaona.

Kwenye makumbusho, ukingoni mwa bonde, walipokewa na mwanamke wa Kimasai aitwaye Nanyokie, mwenye shuka jekundu juu ya sare na shanga nyembamba shingoni. Alimsalimia Brigita kwanza, kwa kuinama. "Shikamoo, koko," alisema, kwa neno la Kimaa la kumwita bibi.

"Marahaba, binti. Nimekuja kumwona huyo mnayesema ndiye babu yangu."

Nanyokie alimtazama Modest, Modest akatazama dirisha. Basi akampeleka ndani. Alimwonyesha fuvu lenye meno makubwa na paji lililolala nyuma. Alieleza vizuri, bila haraka, jinsi lilivyopatikana vipande vipande na kuunganishwa.

"Hili lenyewe ndilo lilitoka ardhini?"

"Hili ni la kuiga, koko. Lenyewe liko Dar es Salaam."

Wakaenda kwenye ubao mpana uliokuwa na nyayo, moja mbele ya nyingine, zimekanyaga majivu ya volkano huko Laetoli. Brigita aliinama akazitazama sana. Kisigino, wayo, kidole gumba kimelala sawa na vingine.

"Na hizi?"

"Na hizi ni za kuiga. Zenyewe zimefukiwa kule kule ili zisiharibike."

"Mbona kila kitu hapa ni cha kuiga?"

"Koko," Nanyokie alisema bila kukasirika, "hata picha ya Yesu iliyoko kanisani kwenu si yeye mwenyewe."

Brigita alicheka, maana hakulitegemea. Alimpenda binti huyu. Kisha akaweka kidole juu ya kioo kilichozifunika, penye unyayo mdogo.

"Huu ni mguu wa mtu. Mimi nimeosha miguu ya watoto maisha yangu yote. Huu ni wa mtu."

"Wanasema alitembea kama mtu, lakini kichwa chake hakikuwa bado kama chetu."

"Kichwa chake mmekikuta hapo juu ya mguu?"

"Hapana. Vichwa vyao vilipatikana mahali pengine."

"Basi."

Nanyokie akamweleza tena, safari hii polepole zaidi: majivu yanapimwa vipi, tabaka hukaaje juu ya tabaka, kwa nini miaka ikawa milioni tatu na ushee. Brigita alisikiliza lote. Hakuwa na cha kupimia majivu na hakujifanya anacho. Nanyokie alipomaliza, akamuuliza, "Wewe unasali?"

"Nasali kanisani Endulen. Naimba kwaya, sauti ya pili."

"Jumapili unasema namwamini Mungu, muumba mbingu na nchi."

"Nasema."

"Na leo Jumatano unasema haya. Moyo wako unakaa upande gani?"

Nanyokie aligeukia dirisha. Nje upepo ulikuwa unasukuma vumbi bondeni. "Moyo wangu unasema Mungu ana muda mwingi kuliko sisi, koko. Labda siku zake ni ndefu. Simpunguzii kitu nikisema alichelewa kunimaliza."

"Lakini unanipunguzia mimi," Brigita alisema. "Wewe unasema alinitengeneza kwa kuchelewachelewa, akapitia kwenye wanyama, kama mtu anayeokoteza. Mimi nimeambiwa aliinama akanishika. Sitaki kupokonywa ile mikono."

"Mimi siwezi kukupokonya, koko."

"Ndiyo. Huwezi."

Waliagana kwa kushikana mikono miwili, na hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake. Njiani kurudi, wageni wakisinzia viti vya nyuma, walifika msituni. Hapo Brigita akasema kwamba Jumapili hii atawaambia watoto kuwa alikosea jirani. Kwa Adamu si pale, na ni wapi hasa Mungu hakumwambia. Lakini kwamba alikuwepo, hilo haliondoki.

"Na wewe," alimwambia Modest, "wageni wakija tena utasema ninachosema. Chote. Kama kilivyo."

Modest alishika usukani kama anaogopa utamtoroka. "Bibi, wanaokuja ni wakubwa. Ni mawakala kutoka nje, wale wanaouza safari zenyewe. Bosi anakuja nao. Wakiipenda nyumba yetu, kampuni inaingiza njia hii kwenye ratiba na mimi naajiriwa kabisa. Wakinuna, basi. Narudi Mang'ola kupalilia vitunguu vya watu."

Hilo lilimgusa Brigita. Alikuwa amemwona alivyorudi kutoka Mang'ola mwaka ule, midomo imepasuka kwa jua, mgongo haunyooki, kijana wa miaka ishirini na kitu anakaa chini kwa kujishikilia ukuta. Alijua anachokiomba ni kikubwa. Hakukichukulia kirahisi, siku kadhaa alizokuwa akichimba udongo kando ya kijito alizitumia kujiuliza kama ana haki ya kumtoa mtoto wa marehemu kazini kwa ajili ya maneno. Kila akikaribia kusema hapana, hana haki, alijiona ameketi kigodani, anampulizia mtu wa udongo, na watu wanaitikia nyani. Sasa alijua. Akiendelea, uongo hautakuwa wa Modest tena, utakuwa wake.

Asubuhi ya wageni, Modest alijaribu mara ya mwisho. Alimkuta anapepeta maharage.

"Bibi, tufanye hivi. Wewe sema yako kwa Kiswahili. Mungu anasikia Kiswahili. Mimi niseme yangu kwa Kiingereza. Kila mtu atakuwa na lake na hakuna atakayeumia."

"Mungu anasikia na Kiingereza," Brigita alisema. "Hapo ndipo penye shida yako."

Mchana magari mawili yalisimama. Bosi alishuka wa kwanza. Jina lake Inosenti, mtu wa Karatu mjini, mnene, mchangamfu, ambaye utotoni alipita mikononi mwa Brigita kwenye Shule ya Jumapili na mpaka leo alimwita Mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Alimshika mikono, akamuulizia mgongo, kisha akamnong'oneza, "Mwalimu, leo tufupishe. Udongo, wimbo kidogo, chakula. Wametoka bondeni, wamechoka, wanataka kufurahi."

"Watakula vizuri, Inosenti."

Walikuwa watu wachache, wa makamo, wamevaa nguo za rangi ya majani makavu. Mbele aliketi mama mwenye skafu ya buluu, na karibu yake mwanamume mwenye miwani na nywele nyeupe ambaye wenzake walimsubiri aketi kwanza. Brigita akalivuta beseni, akaingiza mikono.

"Palikuwa na giza," alisema, "na Mungu alikuwa haogopi giza."

Modest akatafsiri. Wageni wakatabasamu wote pamoja, wakatikisa vichwa, mama wa skafu akaweka mkono kifuani. "Ee," wakaitikia.

Brigita hakujua Kiingereza. Lakini alijua nyuso. Tabasamu lile aliliona mara nyingi. Ni lile watu wanalompa mtoto anayecheza, au mbuzi anayepanda ngazi. Hakuna mtu anayetabasamu hivyo akiambiwa habari za Mungu, awe anaamini au haamini. Akatoa mikono kwenye beseni, akaiweka mapajani, tope likaingia kwenye kitenge. Akanyamaza.

Walingoja. Kuku alipita. Inosenti akakohoa.

"Bibi, endelea," Modest alisema.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Neno langu lifike. Wameitikia la mtu mwingine. Mimi siwezi kulipita neno ambalo halijaitikiwa, unajua hivyo tangu ukiwa unanyonya."

"Mwalimu," Inosenti alisema kwa sauti ya chini, meno yakiwa bado yanacheka kwa ajili ya wageni, "usinifanyie hivi."

"Sikufanyii kitu, Inosenti. Nimekaa kwangu. Mahindi nimeshavuna, sina haraka."

Mawakala walianza kutazamana. Mmoja alitazama saa. Yule wa miwani aliuliza kitu, Inosenti akamjibu kwa haraka na kicheko, labda kwamba bibi amechoka, labda kwamba ndiyo mila. Brigita hakumwangalia. Alimwangalia Modest, na hakumwangalia kwa ukali. Alimwangalia kama alivyokuwa akimngojea amalize kulia alipokuwa mdogo, bila kumshika, bila kuondoka. Angeweza kukaa vile mpaka jua litue, na kijana alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani.

Modest alifuta midomo kwa kiganja. Kisha akasema kwa Kiingereza, sauti imeshuka, akaendelea kwa muda mrefu kuliko wa sentensi moja. Mkono wake ulionyesha bonde, ukaonyesha kigoda, ukarudi kifuani kwake.

Tabasamu la mama wa skafu lilianza kuondoka upande mmoja, kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Mwanamume mmoja nyuma alikunja mikono. Yule wa miwani akainua kichwa akamtazama Brigita, na ilikuwa mara ya kwanza mgeni kumtazama hivyo pale uani, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima.

Neno limefika, Brigita alijiambia. Akarudisha mikono kwenye udongo.

Alisema yote. Modest akayapeleka yote. Aliiona shingo ya kijana ikitoka jasho. Mwanga ambao haukuuliza mara mbili. Maji yaliyoambiwa mwisho wako hapa. Ng'ombe, pundamilia na nyani, kila mmoja kwa jinsi yake, kila mmoja akazaa aliyefanana naye mpaka leo. Wageni hawakuitikia kwa sauti moja tena. Mmoja alisema ee kidogo, wengine waliangalia chini. Na alipofika kwenye lile la mwisho, akamwinua mtu wake akasema, "Huyu hakutoka kwa yeyote aliyemtangulia. Huyu aliinamiwa akashikwa kwa mikono. Ndiye baba yangu, na ndiye baba yako," yule wa miwani alingoja tafsiri iishe, akatikisa kichwa, akasema, "No."

Hilo Brigita hakuhitaji kutafsiriwa.

Inosenti alisimama haraka. "Anasema asante, Mwalimu, amefurahi, sasa tule."

"Hajasema hivyo. Mtu hashukuru na uso ule." Akamgeukia mgeni, akaguna kwa kukubali. "Ameitikia. Hapana nayo ni kuitikia. Modest, muulize kwa nini."

Modest akauliza. Mwanamume alijibu kwa maneno mengi, na mikono yake ilikuwa inapanga vitu hewani, kimoja juu ya kingine.

"Anasema yeye alisomea mambo ya mawe kabla hajaingia kwenye biashara hii. Anasema amesikitika, hataki kukuvunjia heshima nyumbani kwako, lakini mifupa ya kule bondeni ipo, ameishika kwa mkono. Anauliza kama si ya baba zetu, ni ya nani."

"Mwambie sijui ni ya nani. Na mfupa wenyewe haukusema. Ulikutwa kimya, jina ukapewa na walioukuta. Mwambie yeye hakuwepo siku hiyo, na mimi sikuwepo. Yeye amemwamini aliyepima majivu, mimi nimemwamini aliyesema alinifanya. Sote wawili tumeambiwa. Asinitazame kama mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa."

Modest alipomaliza, mama wa skafu alicheka ghafla, si kwa dharau, na yule wa miwani akavua miwani akaifuta.

"Anasema wewe ni mkaidi," Modest alisema.

"Mwambie amesema kweli."

Wawili kati ya wageni walikuwa wameshainuka, wanaelekea kwenye magari wakizungumza kwa hasira ndogo. Inosenti aliwatazama wanavyokwenda. Alipomgeukia Modest hakuinua sauti. Ingekuwa afadhali angeinua.

"Njia hii imekufa," alimwambia. "Kesho usije ofisini. Wala keshokutwa." Kisha kwa Brigita, taratibu, "Mwalimu, ulinifundisha haya haya nikiwa mdogo, na bado nayaamini. Lakini mimi nina magari ya kulisha."

"Najua, Inosenti. Chukua makande uende nayo, usiondoke kwangu na njaa."

Hakuchukua. Brigita alimtazama mjukuu wake, amesimama katikati ya uani kama nguzo iliyosahauliwa na wajenzi, na moyo ukamuuma, ukamuuma kweli, kwa ajili ya vitunguu vya Mang'ola na jua la kule. Lakini alipojipima kama angerudisha hata neno moja, hakulipata la kurudisha.

"Umenichukia?" alimuuliza.

"Bado sijajua, Bibi." Modest alivuta pumzi, akaitoa. "Huyu mzee haondoki. Amenivuta shati. Ana swali jingine."

"Lipi?"

"Sijamsikiliza vizuri. Ni refu, na lina ubishi."

Mwanamume wa miwani alikuwa ameburuta kigoda kingine mwenyewe, amekiweka mkabala na cha Brigita, ameketi, magoti yake marefu yamefika karibu na kidevu. Brigita alinawa mikono, akamsogezea sahani.

"Mwambie ale huku anauliza," alisema. "Na wewe niletee lake kama lilivyo, hata kama ni chungu. Yangu ninayo hapa."

Modest aliketi chini kati yao, akaanza kutafsiri.